Enoka Malale na Msiba wa Mto Lufubi

Katumba, Juni 2025. Huu ni mwaka wa hamsini na tatu tangu niondoke kwetu Bururi, ng'ambo ya mpaka, nikiwa na umri wa kuchunga mbuzi, na ni wa tatu tangu niweke chini mwiko wa uashi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, fundi mstaafu wa makalavati, nimwandikie wasifu mwenzangu, kwa hoja kwamba wengine wanaomfahamu vizuri wamehamishwa au wamekataa. Nimekubali.

Ndugu Enoka Malale anastaafu tarehe 30 Juni baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Sisi wengine tulijenga barabara. Kazi yake yeye ilikuwa kuhakikisha barabara haiingii mtoni. Anayedhani huo ni mzaha hajawahi kuona mvua ya kwanza ya Novemba ikiukuta mlima umechanwa na greda. Udongo mwekundu uliotulia tangu enzi za mababu hushuka siku hiyo hiyo, hujaza mitaro, huziba makalavati, kisha huingia mtoni na kuufanya mto usifae kwa kunywa, kwa kufulia wala kwa samaki. Barabara hubaki na makorongo, na watu wa bondeni hubaki na tope. Ndugu Malale alilipwa mshahara kusimama katikati ya mambo hayo mawili, na mara kadhaa alisimama hapo kwa maana halisi, tope likiwa magotini.

Alizaliwa Maswa, akafika Mpanda akiwa kijana, nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Ng'ombe waliendelea na safari kwenda Rukwa, yeye akabaki. Kwa maelezo yake, alibaki kwa sababu alipenda maendeleo. Kwa maelezo ya dada yake Nyanzala, aliyeolewa huku huku, alibaki kwa sababu alikuwa amelala wenzake walipoondoka.

Aliajiriwa mwaka 1994 kama kibarua wa sururu, akapandishwa kuwa mshika bendera barabarani. Katika kazi hiyo alijulikana kwa utaratibu wake wa kupitisha ng'ombe kwanza, kisha basi la Tabora, kisha gari la meneja. Meneja alivumilia msimu mmoja. Ndipo Ndugu Malale akapelekwa Morogoro kusomea mambo ya mazingira, na wengi wetu tuliamini kwamba lengo lilikuwa kumpeleka mahali pasipo na magari ya kusimamisha. Alirudi na cheti, buti za mpira na imani mpya. Tangu siku hiyo hakuna kijiko kilichoruhusiwa kung'ata mlima kabla hajaona uzio wa kuzuia tope umesimama upande wa chini. Madereva wa mitambo wakampa jina la Bwana Tope. Alilipokea kama mtu anayevishwa nishani.

Mchango wake mkubwa wa kitaalamu ulikuwa dirishani. Kila alipopita mtoni alichota maji kwenye chupa, akazipanga chupa hizo kwenye dirisha la ofisi kwa rangi: maji, chai ya rangi, chai ya maziwa, uji wa ulezi, na mwisho ugali. Kipimo cha kampuni kilikuwepo, chenye betri na namba, lakini hakuna aliyekumbuka namba. Jumatatu kwenye kikao alisimama na kutangaza kwamba mto fulani jana ulikuwa chai ya rangi na leo ni chai ya maziwa, na kila mtu hadi mpishi alijua kazi imeharibika wapi. Mhandisi mshauri aliyetoka nje ya nchi aliandika taarifa zake kwa lugha hiyo hiyo, na nasikia makao makuu waliwahi kuuliza kwa nini wafanyakazi wa Katavi wanakunywa chai kiasi hicho.

Haimaanishi kwamba hakukosea. Alikosea vizuri kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Bwawa la kwanza alilochimba la kutuamishia tope alilipima kwa uangalifu wote, akalikagua, akalisifia mbele ya wageni, kisha akatumbukia ndani yake na pikipiki alipokuwa akirudi nyumbani. Tulimtoa kwa winchi ya lori. Alichosema alipofika juu ni kwamba sasa tumeona wenyewe kuwa linakamata.

Lakini kosa lake tukufu ni la mwaka tulioanza kuchonga mteremko wa kwenda Ikola, nami sina budi kulieleza, maana ndilo lililozaa kila tunachomshukuru leo.

Mteremko ule unafuata Mto Lufubi. Ni mto mdogo, mtu mzima anauruka, lakini unaingia ziwani pale pale kwenye mchanga ambako akina mama wa Ikola wanaanika dagaa. Mchanga safi ndio shamba lao. Ukifunikwa na utando wa tope, dagaa hukauka wakiwa na udongo, na mchuuzi kutoka Mpanda huonja mmoja, husikia unasaga meno, hufunga gunia lake na kwenda Karema. Kwa hiyo swali la msimu ule lilikuwa moja tu: je, tope la mlima wetu lingefika kwenye mchanga ule mvua ikinyesha, au lisingefika.

Michoro ilitaka tuweke marobota ya nyasi kavu kwenye mitaro, moja baada ya jingine, yashikiliwe na vigingi, ili maji yapite na tope libaki. Ndugu Malale alitekeleza mchoro kikamilifu. Ilikuwa mwisho wa Septemba. Nyasi zote za Katavi zilikuwa zimeungua, vilima vilikuwa vyeusi kama sufuria, na huko katikati ya weusi huo mtu aliyechunga ng'ombe mpaka alipoota ndevu alipanga nyasi nzuri, zilizofungwa vizuri, kilomita nzima kando ya barabara.

Asubuhi tulikuta vigingi na kinyesi.

Hatukuhitaji kufanya uchunguzi. Kabla ya saa nne Nyanzala alimpigia simu kaka yake, naye, kwa kuwa mtandao ulikuwa mbaya, aliiweka simu kwenye sauti kubwa mbele ya kikao kizima. Dada alikuwa anashukuru. Alisema mume wake hakuamini kwamba shemeji angewakumbuka katika kiangazi kama hiki, tena kwa kupanga chakula kwa mstari ili ng'ombe wasigombane.

"Watu wanasema kaka zao wakipata kazi wanawasahau," alisema. "Wewe hata ndama umemkumbuka. Sasa mzee anauliza, kesho mnaweka tena?"

Mhandisi mshauri aliomba atafsiriwe. Hakuna aliyejitolea.

Baada ya nyasi ikabaki njia moja, uzio wa kitambaa. Ni kitambaa cheusi kigumu kinachopitisha maji na kuzuia udongo, kinafungwa kwenye vigingi chini ya mteremko, na ncha yake ya chini inafukiwa. Ng'ombe hawali. Tulikuwa na cha kutosha, na Ndugu Malale alisimamia kila kigingi. Kabla juma halijaisha kitambaa kilikuwa kimetoweka, na vigingi vimebaki vimesimama kwenye mstari mbele ya mlima mtupu, kama makaburi ya watu wasiofahamika.

Tulikipata tulipoteremka Ikola kununua mboga. Kilikuwa kimetandazwa mchangani, kimevutwa sawasawa, pembe zake zimekandamizwa kwa mawe, na juu yake dagaa wameanikwa wanang'aa. Nasema kwa masikitiko ya fundi: kilikuwa kimetandazwa vizuri kuliko tulivyokifunga sisi.

Mwenye mali alikuwa Mama Gaudensia, kiongozi wa waanika dagaa, mwanamke wa Kifipa mwenye mwili mkubwa na haraka ndogo. Hakukana chochote. Alieleza kwamba kitambaa hiki kinachuja maji, hakipitishi mchanga, na kwamba aliyekibuni lazima aliwahi kuanika dagaa. Walidhani ni msaada. Ndugu Malale alimweleza habari ya mvua na tope. Mama Gaudensia akamjibu kwamba Lufubi haujawahi kuchafuka tangu bibi yake. Kisha akamuuliza yeye ni mtu wa wapi, maana maneno yake yana harufu ya maziwa.

Alipojibu kwamba ni Msukuma, mama yule alicheka mpaka akakaa.

"Kumbe mtani wangu," alisema. "Basi pole. Mtani hadai alichochukua mtani."

Kwa wasomaji vijana wanaodhani utani ni kuchekeshana tu, nieleze. Mfipa na Msukuma ni watani, na huko ni kama kuwa na undugu unaopita mlango wa nyuma. Mtani wako anaweza kukutukana mbele za watu ukacheka, anaweza kuchukua kuku wako akaondoka naye, na ukikasirika wewe ndiye mwenye aibu. Lakini haki hiyo ina mzigo wake. Ukifiwa, mtani anakuja bila kubembelezwa, anachimba kaburi, anabeba maji, anamwigiza marehemu mpaka waliao wanacheka. Mtani anayekosa msibani amejivua utani.

Kitambaa kingine kingetoka Dar es Salaam, na kisingefika kabla ya mvua. Upande wa Kongo ng'ambo ya ziwa mawingu yalikuwa tayari yanakaa jioni. Tulipanda mlima yeye mbele mimi nyuma, naye alihesabu vigingi vitupu kimoja kimoja, jambo lililonitia hofu kuliko mawingu.

Kesho yake alipeleka ujumbe Ikola kwamba kuna msiba kambini, na kwamba watani wanaombwa.

Walikuja wengi, akina mama wa dagaa na waume zao, na majembe begani, kama desturi inavyotaka. Mama Gaudensia alitangulia akilia kwa sauti ya kuigiza, huku amebeba bakuli la dagaa la rambirambi kichwani. Mke wangu Vénérande alikuwa amepika uji, maana aliambiwa kuna wafiwa na hakuambiwa zaidi. Mkeka ulikuwa umetandikwa. Juu ya mkeka, chini ya shuka jeupe, kulikuwa na kitu kidogo sana. Nakumbuka mzee mmoja alinong'ona akiuliza kama ni mtoto.

Mama Gaudensia alijitupa chini, akagaagaa, akadai yeye ndiye mke mdogo wa marehemu na kwamba mke mkubwa alimwibia sufuria. Alipomaliza, akauliza marehemu ni nani hasa.

Ndugu Malale akafunua shuka. Ilikuwa chupa ya maji ya Lufubi, safi kabisa, ile ya mwanzo kwenye dirisha lake. Aliiinua watu wote waione. Kisha akachota konzi ya udongo mwekundu pale alipokuwa amesimama, akaumimina ndani, akafunga kifuniko na kutikisa.

"Marehemu ni huyu," alisema. "Atakufa mvua ya kwanza. Nimewaita mapema kwa sababu nyie watani zangu ni wazito, mngechelewa."

Watu walicheka. Mama Gaudensia hakucheka sana.

"Msukuma mjinga," alisema. "Mtu anazikwa akishakufa. Na kaburi lake liko wapi?"

"Kaburi ni mchanga wako, mtani."

Mama Gaudensia aliichukua chupa, akaigeuzageuza. Tope lilikuwa halijatulia. Alitazama juu ya mlima tulipokuwa tumeukata, akatazama chini ziwani, na nadhani kwa mara ya kwanza aliuona mstari mmoja unaotoka huku kwenda kule. Alimrudishia chupa, akawageukia wenzake, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba wamekuja na majembe, wasirudi nayo safi.

Walichimba mpaka jioni, na siku zilizofuata walirudi. Badala ya kaburi walichimba mabwawa ya kutuamishia tope, moja chini ya jingine. Wavuvi walijaza mchanga kwenye viroba na kuvipanga mitaroni mahali pa nyasi zilizoliwa. Kitambaa kilirudi pia, ingawa si chote. Mama alirudisha kile kilichochakaa na kusema kizuri kimekwenda kusalimia ndugu. Uzio wetu ulisimama tena, unanuka dagaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, magamba yanametameta juani, na kunguru wa wilaya nzima wamepanga foleni juu yake. Ng'ombe wa Nyanzala walifika, wakanusa, wakageuka. Mhandisi mshauri aliuliza kitambaa kile kinatengenezwa nchi gani.

Lipo jambo dogo lililotokea katikati ya kuchimba. Kulikuwa na matusi hewani kuliko udongo. Wafipa waliwaita Wasukuma wachungaji wa kupe, Wasukuma waliwaita Wafipa wala panya, na wote walikuwa na furaha kubwa. Mimi nilikuwa napanga mawe ya mdomo wa kalavati, kimya. Mama Gaudensia akauliza huyu mzee anaringia nini. Akaambiwa ni Mrundi wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, hana mtani hapa. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimepewa shamba, shule na baadaye uraia, na majirani walikuwa wananiheshimu sana, kama mgeni anavyoheshimiwa. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kunitukana kwa upendo.

Ndugu Malale hakuweka hata jembe chini. Alisema, "Huyu ni mtani wangu kuanzia leo. Kalavati zake zimenyooka kuliko miguu yake." Watu wakatazama miguu yangu, wakakubaliana naye. Mimi nilimjibu kwamba mtu anayewalisha ng'ombe nyasi za barabara hana mdomo wa kusema juu ya miguu. Basi nikawa nimeingia.

Mvua ilikuja Jumapili baada ya misa, ya aina ile isiyoanza kwa matone. Tulisimama kwenye kivuko, chupa mkononi. Mlimani maji yalishuka yakiwa uji wa ulezi, karibu na ugali. Bwawa la juu lilijaa, likayamwaga kwenye la pili yakiwa chai ya maziwa. Bwawa la tatu, alilochimba Ndugu Malale kwa mikono yake mwenyewe ili awe mfano, lilipasuka. Tulishika vichwa. Lakini la nne, la akina mama, lilishika. Yaliyopita kwenye uzio na kuingia Lufubi yalikuwa chai ya rangi, nyepesi, ya kukaribishia mgeni usiyempenda. Kufikia jioni mto ulikuwa maji.

Chini ziwani Mama Gaudensia alikuwa amesimama mchangani tangu wingu la kwanza, bila mwavuli. Tulisimuliwa kwamba aliinama, akachota mchanga, akausugua kwenye kiganja. Haukuacha alama. Ujumbe wake ulitufikia kwa mtu wa pikipiki: "Mwambie mtani maiti amefufuka. Arudishe rambirambi."

Ndugu Malale alikuwa ameshazila.

Tangu hapo, hakuna mlima uliokatwa na kampuni yetu Katavi kabla ya kitengo chake kuita msiba wa mto ulio chini yake. Kwenye nyaraka unaitwa kikao cha wadau. Kule Kasokola wakulima walikuja na majembe wakiuliza marehemu nani. Mito haikubaki safi yote. Mmoja ulitushinda, ulikuwa ugali kwa msimu mzima, na chupa yake bado iko dirishani kwa amri yake, ili tusijisifu. Miteremko ya Ikola sasa ina nyasi zenye mizizi mirefu alizopanda mwenyewe, na ng'ombe wamezoea kuzila kwa kiasi. Dagaa wa Ikola hawasagi meno. Nawaomba mpime mafanikio ya mtumishi huyu kwa meno yenu, mtakapofika kwenye chakula cha leo. Waliopelekwa jikoni ni wa Mama Gaudensia.

Ndugu Malale hatarudi Maswa. Amejenga Shanwe, huku huku Mpanda, kwenye kiwanja chenye mteremko ambao mtu mwingine yeyote angeukataa, na tayari kuna uzio upande wa chini. Jirani yake wa bondeni amekwisha kuitwa msibani mara moja.

Mtani wetu, kampuni inakushukuru kwa jasho, kwa tope na kwa vicheko. Pumzika ukiwa na afya, ukae na wanao, na kila mvua inyeshayo ikukute umekaa barazani na chai ya rangi halisi, yenye majani na sukari. Tunakuombea miaka mingi na mema mengi ndani yake.

Kila mwaka mvua zinapoanza, Ndugu Malale huniuliza nitarudi lini kwetu, kwa sauti ya mtu anayetaka kurithi kiti changu. Huwa namjibu kwa matusi. Leo, kwa kuwa maneno yanachapishwa, nitamjibu vizuri. Siku atakapokufa patahitajika mtu wa kugaagaa chini, kumwigiza akitolewa bwawani na winchi, na kuwaeleza wajukuu zake habari ya nyasi. Kazi hiyo ni yangu, alinipa mwenyewe. Bururi naikumbuka, mlima kwa mlima. Sitarudi.